Swali la Barafu

Mimi ni mwalimu wa lugha. Sayansi naijua kama mgeni aijuavyo nyumba ambamo hukaribishwa sebuleni tu: huona viti na mapazia, husikia vishindo vya jikoni, lakini hajui chakula hupikwaje. Kwa hiyo, miaka michache iliyopita, mwenzangu wa idara ya fizikia aliponijia ofisini akaniomba nimfasirie karatasi ya maelekezo kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, nilidhani kazi yangu itakwisha kwa kamusi na kalamu. Haikuwa hivyo. Karatasi ile ilinipeleka nyumbani kwa mama muuza barafu, kisha ikanirudisha katika darasa nililofundisha nikiwa kijana, na huko ikanikutanisha na kosa ambalo nilikuwa nimelizika bila kulisalia.

Shauri la mwenzangu lilikuwa jepesi kulieleza. Wanafunzi wake wa mwaka wa tatu wangekwenda katika shule moja ya kata isiyo mbali na chuo, mara moja kwa juma, kwa muda wa muhula mmoja. Hawakutumwa kuhutubu. Walitumwa wawaache wanafunzi wa sekondari washike vyombo kwa mikono yao wenyewe, wapime, waandike na waulize. Wakubwa wawe wasaidizi tu. Jaribio la kwanza lilichaguliwa kwa heshima ya nchi yetu: kutazama kama ni kweli kwamba maji ya moto huweza kuganda upesi kuliko maji ya baridi.

Habari ya jaribio hilo ilianzia milima ya Usambara. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kungoja yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa haba na wagombea walikuwa wengi. Siku moja alimwona mwenziwe ametia sukari katika maziwa yasiyochemshwa, anakimbilia nafasi. Mpemba akachelea kukosa, akayatia maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa yake yalikuwa yameganda, na ya mwenziwe yangali uji mzito. Alimwuliza mwalimu wa fizikia sababu, akajibiwa kuwa amechanganyikiwa, maana jambo hilo haliwezekani.

Wengi wetu tungalikomea hapo. Yeye, wakati wa likizo, alikutana mjini Tanga na rafiki aliyekuwa akitengeneza aiskrimu na kuiuza, naye akamwambia kuwa huuweka mchanganyiko wake ungali moto kwa sababu ndivyo ugandavyo upesi. Basi swali likarudi na nguvu mpya. Alipochaguliwa kwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliliuliza tena katika somo la joto. Safari hii alijibiwa kwa dhihaka: hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu jina lake lilibandikwa juu ya kosa, na wenzake wakaitikia kwa kicheko. Alasiri moja akakuta maabara ya biolojia i wazi. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba, ya pili maji ya moto, akaziweka katika jokofu. Alipozirudia baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bika iliyoanza na maji ya moto.

Hapa ndipo chuo kikuu kilipoingia katika habari hii. Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo cha Dar es Salaam, ambacho siku hizo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alikwenda Mkwawa kutoa hotuba juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Maswali yalipokaribishwa, Mpemba akasimama akauliza lake: vyombo viwili vya aina moja, maji ya kipimo kimoja, haya ya nyuzi 35, yale ya nyuzi 100, mbona yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Osborne alitaka kujua kama kijana amejaribu mwenyewe. Akaambiwa ndiyo. Ndipo akasema hajui sababu, akaahidi kulijaribu jambo lile atakaporudi Dar es Salaam. Baadaye aliandika kwa unyofu kuwa moyoni alidhani kijana amekosea. Wenzake Mpemba walimshutumu kwa kuwaaibisha mbele ya mgeni.

Ahadi ilitimizwa. Fundi kijana wa maabara alipewa kazi ya kujaribu, akaleta habari kwamba maji ya moto yametangulia kweli. Lakini akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 makala ilitoka katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, nayo ilichukua majina mawili, jina la mwanafunzi likitangulia jina la daktari. Wakati huo Mpemba alikuwa amekwisha kwenda Mweka, chuo cha wanyamapori karibu na Moshi, na kazi ya maisha yake ikawa ya wanyama, si ya fizikia. Shule ya Mkwawa nayo ilibadilika: mwaka 2005 ilifanywa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa hufundisha walimu.

Niliposoma habari ya ile dhihaka niliweka kalamu chini. Maneno kama yale nilikuwa nimeyasema mimi mwenyewe, katika shule ambayo sitaitaja.

Nilikuwa na umri wa miaka 24, na shahada yangu ilikuwa bado inanukia wino. Nilifundisha Kiswahili kidato cha pili. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye bibi yake alikuwa mtu wa Lamu, aliinua mkono akasema kwamba bibi husema mato pale sisi tusemapo macho. Kwa mchele husema mtele, kwa chini husema tini, na kwa kucheka husema kuteka. Kisha akauliza, “Mwalimu, hiyo ni kanuni? Maana mimi nikilijua neno letu hulibuni la bibi kabla hajalisema, na mara nyingi napata.” Msomaji na ayapime maneno hayo. Mtoto alikuwa amesikia, amekusanya, ametunga kanuni, na kisha ameijaribu kanuni yake kwa kubashiri neno ambalo hajalisikia bado. Sijui mtaalamu wa maabara hufanya nini zaidi ya hayo, isipokuwa yeye hulipwa mshahara.

Nami nilimjibu, “Hicho ni Kiswahili cha bibi yako. Mtihani hauulizi habari za bibi yako.” Darasa zima likaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nilikipokea kile kicheko kama pongezi. Tangu siku hiyo wenzake walimwita “Kiswahili cha Bibi”. Mkono wake sikuuona tena juu.

Miaka kadhaa baadaye, nikiandika tasnifu ya udaktari, nilikuta katika vitabu vya isimu ya lahaja kwamba ch ya Kiunguja huitikiwa na t katika lahaja za kaskazini, t ile itamkwayo kwa ncha ya ulimi juu ya meno, na kwamba maitikio hayo hufuata utaratibu katika maneno ya asili, wala hayayagusi maneno ya kigeni kama chai. Kijana yule alikuwa amefika mlangoni pa taaluma yangu bila kuongozwa na mtu, nami niliyekabidhiwa ufunguo nikamfungia. Nimejaribu kumtafuta kwa njia nizijuazo. Sikumpata.

Kwa sababu hiyo nilimwambia mwenzangu wa fizikia kuwa sitafasiri karatasi tu, bali nitafuatana nao. Akashangaa, lakini hakukataa. Kiti kimoja katika gari kilikuwa tupu.

Ni lazima niseme neno juu ya ushirikiano wa shule na vyuo, maana nimeona wa kila namna. Mara nyingi basi la chuo hufika na bango kubwa, fulana zilizopigwa chapa, na mpiga picha. Wanafunzi wa shule husimamishwa mistari miwili, mmoja wao huitwa mbele amimine kitu cha rangi katika kitu kingine cha rangi, kitu hutoa povu, watu hupiga makofi, basi huondoka. Hata karatasi ya maelekezo niliyopewa kufasiri ilikuwa na jibu lake chini ya ukurasa. Jaribio ambalo jibu lake limeandikwa kabla ya kazi kuanza ni tambiko. Nilimwomba mwenzangu tuyafute maneno yale ya mwisho, akayafuta. Siwadharau wote wafanyao kazi hii. Tangu mwaka 2012 maonyesho ya Young Scientists Tanzania yamekuwa yakiwaleta wanafunzi wa sekondari na uchunguzi wa maswali yao wenyewe, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Shule ile haikuwa na jokofu. Ilikuwa na bika chache, vipimajoto viwili na mwalimu mmoja wa fizikia mwenye vipindi vingi kuliko saa za kulala. Ng’ambo ya barabara aliishi mama auzaye barafu za ubuyu kwa watoto wakati wa mapumziko, naye alikubali kutuazima pembe moja ya jokofu lake kwa masharti mawili: tusilifungue ovyo, na tumsaidie kununua umeme wa Luku. Mwenzangu alimwuliza kama yeye huweka ubuyu ungali moto. “Mwanangu,” akasema, “ukiweka cha moto kinayeyusha utandu wa barafu, kinazilegeza za jirani, na Luku inakimbia.” Wanafunzi wa chuo walicheka kwa adabu. Hatukujua kuwa mama huyo alikuwa ametupa nusu ya jibu.

Siku ya kwanza maji ya baridi yalitangulia kuganda. Nyuso za wanafunzi wa chuo zilinyong’onyea. Walikuwa wameleta bango lenye jina la Mpemba. Juma la pili umeme ulikatika. Juma la tatu maji ya moto yalitangulia, na pakawa na shangwe hata mama akatoka uani kutazama kama kuna mgonjwa aliyepona.

Katikati ya shangwe hiyo msichana mmoja wa kidato cha tatu, mpole, ambaye majuma mawili sikuisikia sauti yake, alikuwa amepiga magoti mbele ya jokofu akipapasa chini ya vikombe. Akasema, “Kaka, hiki cha moto kimechimba.” Wenzake wakacheka, maana ni jembe lichimbalo, si kikombe. Damu ikanipanda shingoni. Nikasema, “Mwacheni aseme!” kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajiwa, hata yeye mwenyewe akashtuka akanyamaza, nami nikahofu kuwa nimeharibu kwa mara ya pili. Mwanafunzi mmoja wa chuo, dada mwenye busara kunipita, akapiga magoti karibu naye, akatia mkono pale pale. Wakaanza kunong’ona.

Lilikuwa hivi. Sakafu ya jokofu ilikuwa na utandu mnene wa barafu laini. Kikombe cha maji ya moto kilikuwa kimeuyeyusha utandu huo, kikajichimbia shimo, kikakaa juu ya chuma chenyewe kilicho baridi kabisa. Kikombe cha maji ya baridi kilibaki juu ya utandu kama mtu aliyelala juu ya godoro. Msichana aliuliza: kilichoshinda ni joto la maji au ni mahali pa kukaa? Akataka vikombe vyote viwili viwekewe kitu kimoja chini, kisha tuone. Mama akaleta kipande cha lile povu jeupe gumu lililokuwa ndani ya kasha la luninga.

Juma lililofuata, juu ya povu, maji ya baridi yalitangulia. Tukarudia. Yakatangulia tena.

Kijana mmoja wa chuo, aliyekuwa mwandishi wa kumbukumbu, akasema tuyaandike majibu ya juma la tatu na tuyaache haya, kwa kuwa haya yana kasoro. Msichana akauliza, “Kasoro gani, kaka?” Hakupata la kusema. Nami nikamkumbuka yule fundi wa Dar es Salaam aliyeahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi. Hukumu ilikuwa ile ile, ila imepinduliwa. Siku zile elimu ilisema kuwa maji ya moto hayawezi kushinda, basi yaliposhinda yalidhaniwa yamekosea. Siku zetu fahari ya taifa husema kuwa lazima yashinde, basi yaliposhindwa yaliambiwa yana kasoro. Nchi inaweza kumheshimu mtu kwa uhodari wake wa kuuliza, kisha ikaligeuza swali lake kuwa jambo lisiloulizwa.

Usiku ule niliisoma makala ya mwaka 1969 kwa makini zaidi, sehemu ya Osborne. Maji yake yalikuwa sentimita za ujazo 70, katika bika za 100. Na bika zile aliziweka juu ya bamba la povu lizuialo joto. Nilisimama nikatembea chumbani. Msichana wa shule ya kata, ambaye hakuwa ameiona makala hiyo, alikuwa ameomba kitu kile kile. Walakini Osborne, juu ya povu lake, aliona kinyume cha tulichokiona sisi: maji yaliyoanza na nyuzi 25 yalichukua muda mrefu kuliko yote kuanza kuganda, na yaliyoanza na nyuzi 90 hivi yalichukua muda mfupi mno kuliko hayo. Kadhalika alimimina utando wa mafuta juu ya maji, na kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Akajua kuwa joto lilitokea juu, usoni pa maji, ambapo maji moto hupanda na yaliyopoa hushuka.

Mabishano hayajaisha hata leo. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora, na majibu zaidi ya 20,000 yakamiminika kutoka pande zote za dunia. Mwaka 2016 Burridge na Linden, wataalamu wawili wa Uingereza, walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha, wakaonyesha kuwa kuwekwa kwa kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kwaweza kumdanganya mpimaji. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Kanada, walionyesha kwa chembe ndogo sana zilizomo majini kwamba kitu chenye joto zaidi kwaweli chaweza, kwa masharti maalumu, kupoa upesi kuliko kile chenye joto kidogo. Niliyaeleza hayo kwa wanafunzi kadiri nilivyoyafahamu, na mwenzangu akanisahihisha mara mbili mbele yao.

Ikabaki kazi ya kuandika taarifa, na hapo ndipo nilipopata cha kufanya. Mwenzangu aliamua kuwa wanafunzi wa shule wataandika, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ambacho ndicho lugha ya masomo yao ya sekondari. Yule kijana wa chuo alileta rasimu yake ya msaada, na neno lake la kwanza lilikuwa “Imethibitika”. Msichana alikuwa ameandika “Tuliona”, na mahali pengine “Tulidhani”, na pengine, kwa mkono uliotetemeka kidogo, “Hatukuangalia”. Juma lile la tatu hakuna aliyeandika jinsi vikombe vilivyokaa kabla ya jokofu kufungwa, naye aliona ni haki liandikwe.

Shule zetu huwafundisha watoto kuandika sayansi kana kwamba hakuna mtu aliyekuwapo: ilionekana, ilipimwa, ilithibitika. Najua sababu za desturi hiyo na siipigi vita. Lakini kitenzi cha Kiswahili kina heshima ya kutanguliza mtendaji. Ni-, tu-, wa- husimama mlangoni, na asiyetaka kumtaja mtu hana budi kuzunguka. Tulikaa mchana mzima juu ya kila kitenzi, tukiulizana: nani aliona? Saa ngapi? Mlango ulikuwa umefunguliwa mara ngapi? Sikumbuki kipindi cha sarufi kilichonifurahisha kama hicho, na hakikuwa cha sarufi. Mwishowe majuma yote yaliingia katika taarifa, la umeme kukatika likiwa mojawapo. Kijana wa chuo alitia sahihi pamoja na wengine. Hakupendezwa, lakini alitia.

Taarifa ilisomwa darasani siku ya mwisho, na msichana ndiye aliyeisoma. Mwenzangu wa fizikia alikaa katika dawati la mwanafunzi, magoti yamemfika kifuani. Maswali yalipokaribishwa hakuna aliyeuliza, basi msomaji akajiulizia mwenyewe. Alisema kuwa Mpemba alianza na maziwa yaliyotiwa sukari, wala si maji. Na barafu za Mama ni za ubuyu na sukari. Mbona sisi, na wale wa Ulaya, wote tumejaribu maji matupu?

Mwenzangu alifikiri kwa muda ambao darasani huonekana mrefu. Akasema, “Sijui.” Akatoa daftari lake dogo mfukoni, akaliandika swali, kisha akamwuliza jina lake huandikwa kwa herufi gani. Msichana akalitaja herufi moja moja. Mama muuza barafu, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni lake, akataka kujua kama safari hii ubuyu utanunuliwa au utaombwa.